Akteri hafake? Ubishi wa Goma juu ya filme za G.I. Joe

Petroli ya groupe iliisha filme ikiwa imebakiza robo saa. Ilikuwa siku ya yenga, saa kumi za mangaribi, na mvua ya Goma ilipiga mabati kama mtu anayemwaga changarawe. Ndani ya nyumba ya sinema, kule Majengo, tulikuwa watu karibu hamsini juu ya mabao, gizani. Mwenye nyumba akamtuma mtoto na kidumu. Mtoto akakawia. Hakuna aliyetaka kutoka alowe, na hakuna aliyetaka kuacha robo saa aliyokwisha kuilipia. Basi ubishi ukaanza.

Filme yenyewe ilikuwa G.I. Joe: Retaliation, ya mwaka 2013, kopi yenye sauti ya mtafsiri juu ya sauti za waigizaji. Duke, ambaye ndiye akteri wa filme ya kwanza ya 2009, anauawa mapema kabisa. Kambi yao inashambuliwa kutoka angani, wenzake wengi wanakwisha, na yeye hatoki. Tangu pale hadi groupe ilipozimika, kijana mmoja wa bao la mbele alikuwa anangojea tu.

"Duke atarudia," akasema. "Akteri hafake. Mutaona ku mwisho."

Nyuma yake alikaa papa mmoja mchimbaji, aliyeshuka kutoka Rubaya siku mbili mbele ili kuona jamaa yake. "Mdogo wangu," akamjibu, "bomu ikikuangukia vile, hakuna kurudia."

"Papa, hii iko filme."

"Filme ya nini? Ya basoda. Na basoda banakufaka."

Hapo nyumba nzima ikagawanyika. Sisi tulikuwa tumeingia kwa kujifurahisha tu, lakini tulijikuta tunaandika nyuma ya karatasi ya biskuti, kwa mwanga wa simu. Tunayaleta maneno yale hapa kwa sababu ubishi wenyewe si wa Majengo peke yake. Tangu mwaka 2009 wapenzi wa G.I. Joe huko Marekani na kwingine wanabishana vile vile: namna gani utengeneze filme kutokana na kasoda ka plastiki? Tofauti ni moja. Wao wanauliza kama filme inafanana na kitu cha kuchezea. Huku kwetu karibu hakuna mtu aliyekishika kile kitu mkononi. Filme ndiyo ilitufikia kwanza. Kwa hiyo watu wa Goma wanauliza kama inafanana na soda. Sisi tunaona swali la Goma ndilo zito.

Wengi mu nyumba ile hawakujua hata kwamba kuna kasoda nyuma ya filme, basi tukaeleza. Kampuni ya Hasbro ilikatoa mwaka 1964, kakiwa na urefu wa sentimita 30, kenye viungo vinavyokunjika na nguo za kuvua na kuvaa. Barbie ya wasichana ilikuwa imetoka 1959 na kuuzwa sana, lakini mtoto mwanaume wa Marekani hangekubali apewe pupe. Hasbro ikakataa kabisa jina la pupe. Jina la G.I. Joe lilikuwa tayari la filme moja ya vita, ya 1945. Kwa hiyo sinema iliutangulia mchezo, mchezo ukarudi kwa sinema baadaye. Wazo la kwanza lilikuwa la mtu anaitwa Stan Weston, akaliuza kwa dola 100,000, zikaisha. Kampuni ikaendelea kupata mamilioni mwaka baada ya mwaka.

Wachimbaji walicheka sana kwa ile habari. "Ule naye aliuzisha gunia mbele hawajapima," akasema mmoja.

Vita ya Vietnam ikafanya wazazi wengi Marekani wasipende tena vitu vya vita. Tangu 1970 Joe akafanywa mtu wa safari na uokoaji, ndevu zikamwota, na kabla miaka ya 70 haijaisha akatoka sokoni. Alirudi 1982, mdogo zaidi, karibu sentimita 10. Mara hii alirudi na mwandishi, na mwandishi ndiye alibadilisha kila kitu. Larry Hama alikuwa amefanya kazi ya jeshi miaka ya Vietnam, katika kikosi cha wahandisi. Marvel wakampa bede ya G.I. Joe aiandike, akaiandika hadi 1994, numero 155 kwa jumla. Kila kasoda akakaandikia fishi: jina la kweli, alikozaliwa, kazi aliyosomea, tabia zake. Alianza kuziandika ili yeye mwenyewe asichanganye watu wake. Hasbro wakaona ni nzuri, wakazipiga chapa nyuma ya pakiti. Mtoto aliyenunua plastiki alipata na mtu ndani yake.

Hapo ndipo tulisikia sauti ya nyuma kabisa, karibu na ukuta. Yule mwanaume hakuwa amesema kitu tangu mwanzo. Watu wawili waliomjua walimwita Kadogo, na umri wake sasa unapita miaka thelathini na mitano. Msomaji anajua jina hilo linatoka wapi. Tangu vita ya 1996, watoto waliobebeshwa bunduki wanaitwa hivyo mu Kongo nzima, na wengine jina limewaganda hata walipoota mvi. Siku hizi anabeba magunia kisimani. Hakutueleza alibeba bunduki akiwa na miaka mingapi, na sisi hatukumuuliza.

"Ile jeshi yao inakulaka saa ngapi?" akauliza.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea: filme mbili ameziona, na hajaona mtu akipika, hajaona mtu akingojea mushahara, hajaona mtu mwenye buti moja nzima na nyingine imepasuka. Vita, alisema, siku moja ni masasi na siku ishirini ni kungojea. Unangojea chakula, unangojea komanda, unangojea mvua iishe. Mtu anayetengeneza filme ya basoda akiruka zile siku ishirini, amebaki na kelele.

Sisi tukamjibu kwamba mwandishi wa fishi alilijua jambo hilo. Yule Roadblock, mwenye mwili mkubwa na bunduki ya mashine, ambaye katika filme ya 2013 anaigizwa na Dwayne Johnson, kwenye fishi yake ni mpishi. Anatoka Biloxi, Mississippi, na ndoto yake ilikuwa kupika chakula cha wakubwa. Yumo pia Doc, mganga wa kikosi, ambaye hapendi vita na bado anaenda vitani kuponya. Watu wa namna hiyo ndio waliofanya watoto wa wakati ule waipende bede hata walipokuwa wakubwa. Watengenezaji wa filme walikuwa na fishi zote mezani, lakini tukihesabu dakika, mizinga na maroketi yamepata nyingi kuliko sufuria ya Roadblock.

Kadogo akasema: "Paanzishiwe pa yule mpishi."

Tunakubaliana naye. Kama tungeulizwa na watu wa Hollywood (hawatatuuliza), tungewaambia filme ianze jikoni mwa kambi, saa kumi na moja ya asubuhi, mtu mnene anawasha moto na wenzake bado wamelala, na msikilizaji ajue majina ya wale waliolala kabla bomu halijaanguka. Hapo hata Duke akifa itauma. Katika filme ya 2013 wanakufa wengi mara moja na tunawajua wawili.

Ubishi wa pili ulikuwa juu ya Snake Eyes, mtu mweusi tii, amefunika uso, hasemi. Vijana wa mbele wote walikuwa wake. Historia yake ni ya kuchekesha. Mwaka 1982 Hasbro walitaka kupunguza gharama za kupaka rangi, wakaacha kasoda kamoja bila rangi yoyote, plastiki nyeusi tupu. Kale ka bei ndogo ndiko kalikuja kupendwa kuliko vyote. Hama akampa sababu ya kunyamaza na sababu ya kuficha uso: ajali ilimuunguza na kumwondolea sauti. Mwaka 1984 akaandika numero 21 yote bila neno hata moja, picha tupu, na hadi leo wapenzi wanaiweka juu ya nyingine zote.

Filme za 2009 na 2013 zilimwacha afunike uso, ingawa ya kwanza ilimwekea midomo juu ya barakoa, jambo lililochekwa sana. Halafu 2021 wakatengeneza filme yake peke yake. Henry Golding anaonyesha uso wake karibu muda wote, na anaongea. Wapenzi wa zamani walikasirika. Filme iliingiza dola kama milioni 40 dunia nzima, wakati ile ya 2009 ilipita milioni 300. Ni kweli ilitoka wakati korona ilikuwa bado imefunga majumba mengi ya sinema, lakini mu Majengo hakuna aliyekubali udhuru huo. "Walimuvua," kijana mmoja akasema, kana kwamba ni mambo ya aibu.

Mwingine, ambaye kazi yake ni kutengeneza video za harusi kwa kompyuta, alimtetea mtengenezaji: utashikaje moyo wa mtu asiyeonekana macho? Watazamaji wanataka uso. Papa wa Rubaya ndiye alimjibu. Kisimani, alisema, wote mnafanana, matope hadi kope, lampi inakupiga machoni, uso huuoni. Lakini unamjua kila mtu kwa kikohozi chake na kwa namna anavyopiga nyundo. Nyundo ya fulani ikinyamaza, unajua ni ya nani hata kabla hujageuka.

Yule wa video za harusi akanyamaza. Sisi pia. Hatujui kama kuna mwalimu wa sinema angeweza kulieleza vizuri zaidi.

Wakati ule mvua ilipungua kidogo, na mama anayeuzisha mandazi mlangoni akaingia na beseni lake kichwani, akakaa. Aliyasikia yote kutoka nje. Swali lake lilikuwa la watoto. Mu nyumba ile walikuwamo watoto kumi au zaidi, wengine wa miaka saba. Mtoto wake mwenyewe wa kiume amechonga bunduki ya mti, na baada ya mapigano ya Januari 2025 mu muji alikuwa akiokota maganda ya risasi, akiyapanga dirishani kama basoda. "Anasema ule iko Duke, ule iko shefu bandi," mama akasema. "Niliyatupa. Kesho yake alikuwa na ingine."

Tulimweleza habari ya katuni ya G.I. Joe iliyopita televizioni Marekani, kwanza 1983 na halafu kila siku tangu 1985. Ilikuwa ya watoto wadogo, kwa hiyo hakuna aliyekufa. Upande mmoja ulipiga miali myekundu, upande mwingine miali ya buluu, kila ndege ikianguka utaona parashuti inafunguka, rubani mzima. Mwaka 1987 walitaka Duke afe katika filme ya katuni. Lakini mwaka uliotangulia filme ya Transformers ilikuwa imemuua Optimus Prime na watoto wakalia majumba mazima, basi Hasbro wakaogopa. Duke alikuwa amekwisha kuchorwa akifa. Wakaongeza sauti tu ikisema amezimia, na mwisho sauti ikasema amepona.

"Njo vile!" kijana wa mbele akaruka. "Si nilisema? Hafake!"

Mama wa mandazi hakuwa na furaha. Alisema kama filme ni ya watoto, ndio kwanza mtu aliyekufa abaki amekufa. Mtoto wake akicheza, anaanguka, anahesabu hadi kumi, anaamka. Anafikiri ndivyo inavyokuwa. Kuna waliosema amekosea, kwamba watoto wa Goma wameona vifo vya kweli zaidi ya kiasi, na angalau kwenye ukuta wa sinema waone mtu akiamka. Yaya mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alishika upande huu kwa nguvu sana. Alisema darasani kwake kuna mtoto anayechora tu watu waliolala.

Hatukuweza kuwapatanisha, na hatujui kama ni lazima. Lakini tuseme wazi tunakosimama. Miali ya rangi inatusumbua kuliko damu. Damu ya filme inaweza kumtisha mtoto, lakini ile miali inamwambia kitu kibaya zaidi, kwamba unaweza kupiga mchana kutwa na mangaribi wote mkarudi kwenu. Wala hatuko pamoja na wanaotaka kufunga nyumba za sinema. Watoto wa hapa walichonga bunduki kwa mgomba kabla televizio haijafika.

Jambo moja la ile katuni mama alilipenda. Kila mwisho wa kipindi Joe mmoja alitoka kuwapa watoto shauri: usicheze na moto, usimfuate mtu usiyemjua. Mama akasema yake iko tayari. Roadblock atoke na kofia ya mpishi, awaambie watoto wa Goma wasiguse chuma wasichokijua shambani au kando ya barabara, wakimbie kuita mkubwa. Mabomu yasiyolipuka yamebaki, wote tunayajua. Watu wakapiga makofi. Katika mawazo yote ya siku ile, hili lingeweza kutengenezwa kesho, na simu moja tu.

Kisha wakaja kwa adui. Katika filme, Cobra ni watu wenye barakoa za chuma na maroketi ya kupiga miji. Mwaka 2009 wadudu wao wadogo wa chuma wanakula mnara wa Eiffel, na mwaka 2013 London inabomolewa kwa chuma kinachoangushwa kutoka mbinguni. Nyumba nzima ilikubali kwamba mnara ukianguka ni sehemu tamu. Lakini papa wa Rubaya aliuliza: wale wanataka nini? Nani analipa?

Ni swali la mchimbaji, na bede lilikuwa na jibu ambalo filme zililiacha. Kwa Hama, Cobra Commander alianza kama muuzaji wa magari yaliyotumika. Alikusanya watu waliokasirika na maisha, akawauzia ndoto ya utajiri wa haraka, akawatuma walete wengine, na pesa ilipopatikana ikanunua bunduki. Kule katika mji wa Springfield watu wake wanaishi kama majirani wa kawaida. Papa akasema huyo ndiye anamjua. Hakutaja jina la mtu wala la kundi, na sisi hatutamtajia. Alisema tu kwamba bunduki haitembei peke yake, kuna mwenye gari, kuna mwenye mizani, kuna mwenye karatasi, na filme inayomwonyesha mwenye bunduki bila mwenye mizani ni nusu. Tukumbushe kwamba wanaoangalia G.I. Joe kwa simu wameshika tantali, inayotoka kwa koltani, na Rubaya peke yake inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia.

Vijana hawakutaka. Kwao shefu bandi asiyekuwa na barakoa ni bosi tu. Hapa, tukubali, walikuwa na haki kidogo: mizani peke yake haijazishi nyumba ya sinema siku ya yenga.

Kitu kilichochekesha kuliko vyote kilitoka kwa filme ya 2009. Zamani Joe alikuwa soda wa Marekani basi. Hollywood walipoona filme itauzwa nchi zote, wakamfanya kikosi cha mataifa mengi, na kambi yao chini ya mchanga wa Misri. Wapenzi wengi wa Marekani walinung'unika. Mu Majengo tulipolisema hilo, mtu mmoja akapaaza sauti gizani: "Kumbe iko MONUSCO!" Nyumba ikaanguka kwa kicheko, dakika nzima. Wa pili akaongeza kwamba hapana, hawa wanapiga.

Tuliwapa tarehe moja ambayo hatujaona mahali wakiiweka pamoja. Retaliation ilikuwa itoke Juni 2012, ikacheleweshwa kwa kugeuzwa kuwa ya miwani, na katikati ya kungojea kule, Novemba 20, 2012, Goma ilitekwa. Filme ikaanza kuonyeshwa Marekani Machi 28, 2013. Siku ile ile, mjini New York, Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2098, lililoleta hapa brigade ya kupigana yenye basoda wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kikosi cha mataifa cha sinema na kikosi cha mataifa cha kweli vilianza kazi siku moja. Hakuna aliyepanga. Kadogo alisema angependa kuona filme ya kile cha pili, hasa ya mpishi wao Mtanzania, kama alipata samaki wa kutosha.

Yule kijana wa video za harusi alirudi na swali la pesa. Filme ya 2009 ilimeza dola milioni 175. Sisi huku tutatengeneza na nini? Tulimwambia atazame upande wa Kampala, kwa Isaac Nabwana wa Wakaliga. Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, filme ya makomando na helikopta, na anasema haikufika dola 200. Bunduki zilifuliwa kutokana na vyuma chakavu na fundi Dauda Bisaso, moto na mabomu yakaongezwa kwa kompyuta, na VJ Emmie anaongea juu ya picha kuanzia mwanzo hadi mwisho, anatania, anachochea, kama watafsiri wa nyumba zetu za sinema. Dunia nzima iliitazama kwa intaneti. Na tazama jina lake: kapteni ndiye akteri, anakufa katikati ya filme, na hadi mwisho hakuna anayejua aliyemuua.

Kijana wa mbele alikaa kimya akifikiri. "Lakini anarudia?" akauliza.

Harudi.

Hata hapa hapa Goma, Yole!Africa ya Petna Ndaliko Katondolo imefundisha vijana wengi kushika kamera, kwa hiyo mikono ipo. Kinachokosa si roketi. Na kama mtu anataka kuona risasi inafanya nini baada ya kelele kuisha, kuna filme ya Dieudo Hamadi wa Kisangani, En route pour le milliard, ya 2020. Ni watu waliopoteza miguu na mikono katika vita ya siku sita ya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani. Miaka karibu ishirini baadaye wanapanda baleinière, wanashuka mto hadi Kinshasa kudai malipo yao. Hakuna mlio wa bunduki. Mama wa mandazi alitaka kujua kama walilipwa. Tukamweleza kwamba ndani ya filme wanasimama mbele ya mlango wa Bunge, na mvua inawanyeshea.

"Hiyo sasa iko filme ya basoda," Kadogo akasema, na ndilo neno lake la mwisho siku ile.

Mtoto wa kidumu alirudi karibu saa kumi na mbili, amelowa chapachapa, akisema stesheni mbili zilikuwa zimefungwa. Groupe ikakohoa, ikashika. Papa wa Rubaya hakuweza kubaki. Gari lake la kupandia Sake lingeondoka usiku haujaisha, na alikuwa bado hajafunga mzigo. Alipofika mlangoni akageuka, akatuomba tumwambie ikiwa Duke amerudi. Alisema hivyo kwa sauti ya chini ili kijana asisikie.

Robo saa ikapita: Roadblock anapewa bastola ya zamani, anaapa kulipiza kisasi cha mwenzake, anapiga risasi moja hewani, majina yanaanza kupanda. Wakubwa wakasimama. Kijana wa mbele akabaki amekaa, macho ukutani, hadi jina la mwisho likapita na mwenye nyumba akazima.

Tukamwandikia papa ujumbe usiku ule: Hakurudi. Jibu lilifika siku ya tatu, alipopata rezo huko mlimani. Alikuwa ameandika: Na yule mdogo, mulimupeleka hadi kwao?